Komba wa Kanda ya Thelathini na Moja

Masikio halikuwa jina lake la kuzaliwa, ila kazini hakuna aliyemwita jingine. Alikuwa mtunza sauti wa taasisi ya utafiti wa wanyama, na ufalme wake ulikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, makabati matatu ya kanda za zamani, kompyuta mbili, na kiti kilichoinama upande wa kushoto kwa sababu kwa miaka minane alikuwa ameegemea upande huo. Wenzake waliwatafuta wanyama kwa macho, yeye aliwatafuta kwa hedifoni. Saa nne asubuhi, wengine wakipuliza chai zao, yeye alikuwa katikati ya usiku wa msituni wa miaka thelathini iliyopita, akisikiliza nani analia na nani anamjibu.

Kazi ya Jumanne hiyo ilikuwa ndogo, ya kumalizika kabla ya chai. Kesho yake taasisi ingemtangaza komba mpya mbele ya wageni, na Daktari, mwanamama aliyeongoza taasisi, alitaka mlio wa mnyama huyo usikike ukumbini kwa dakika moja, uwe safi, usiwe na mikwaruzo. Komba mwenyewe alikuwa mdogo kiasi kwamba angelala ndani ya kikombe cha chai na mkia ukabaki nje. Ana macho makubwa, mchana hatoki, na hakuna mtaalamu hata mmoja aliyewahi kumwona akiwa hai. Hilo halikuwazuia wataalamu kumwandikia kurasa arobaini.

Ushahidi wote ulikuwa vitu viwili. Cha kwanza ni ngozi kuukuu iliyookotwa kwenye droo, lebo yake imeliwa na mende ikabaki namba ya kanda tu: thelathini na moja. Cha pili ni kanda yenyewe, iliyonaswa na baba yake Masikio enzi zile alipokuwa mnasa sauti wa taasisi hiyo hiyo. Ndani yake kulikuwa na mlio usiofanana na wa komba yeyote anayejulikana, kama mlango wenye bawaba kavu unaofunguliwa mara tatu, halafu mtu akaangusha funguo.

Mlio huo ulikuja baada ya tangazo la baba: "Msitu wa Juu, karibu na mwamba." Basi komba akawa komba wa Msitu wa Juu. Mara tatu watafiti walipanda huko kumtafuta, na mara tatu wakarudi na mafua. Daktari akaandika kwenye ripoti kwamba mnyama huyu ana haya kupita kiasi. Hata hivyo msitu ungetengwa, ungewekewa walinzi na kibao kikubwa cha rangi ya kijani, ingawa ulikuwa mteremko mkali ambao hata mbuzi hawakuwa na hamu nao, na tangu dunia iumbwe hakuna aliyewahi kwenda kukata mti huko.

Waliotaka miti walikuwa Bondeni, msitu mwingine kabisa, mwendo wa siku nzima kutoka Msitu wa Juu. Mashine zilikuwa zimeingia Bondeni Jumatatu, kwa kibali chenye mihuri yote, na tangu hapo malori ya magogo yalikuwa yakipita mbele ya lango la taasisi mfululizo. Kwa Masikio yalikuwa kero ya kazi tu. Lori likipita, kioo cha dirisha kinatetemeka, na yeye anasubiri limalize ndipo aendelee.

Siku hiyo hakutumia faili za kwenye kompyuta. Alipoajiriwa alikuwa amehamisha kanda zote za baba yake na kuzikata vipande, kila kipande kikianza na tangazo, kama mwongozo wa taasisi unavyoelekeza: kwanza mnasa sauti aseme yuko wapi, halafu anase. Lakini faili zile zilikuwa na mikwaruzo, na Daktari alitaka usafi. Kwa hiyo alirudi kwenye kanda yenyewe, akaitia kwenye mashine ya zamani, akafumba macho. Mlango ukafunguka mara tatu. Funguo zikaanguka. Hapo hapo lori likapita. Masikio akavua hedifoni na kumtolea dereva tusi ambalo mama yake angelisikia angemnyima chakula cha usiku. Alipozivaa tena, kanda ilikuwa imeshapita pale alipokata miaka minane iliyopita.

Kulikuwa na mvua. Matone ya kwanza, yale mazito yanayodondoka moja moja kwenye majani makavu, alikuwa akiyajua zamani. Yamo kwenye faili, mwishoni mwa mlio, na yeye aliyaweka kwenye kundi la mikwaruzo. Ila sasa hayakukatika. Yaliendelea, yakawa mengi, na katikati yake ikaja sauti ya baba yake akiwa kijana, akihema: "Bondeni, mito inapokutana. Saa tatu kasoro."

Akarudisha nyuma. Kabla ya mlio, baba anasema Msitu wa Juu, karibu na mwamba, na upepo unavuma, hakuna tone hata moja. Kisha kitufe kinalia tik. Mashine imezimwa, imewashwa tena. Kisha mlio, kisha mvua, kisha Bondeni, na hapo katikati hakuna tik yoyote. Akarudisha mara ya pili, ya tano, ya tisa.

Akatoa kanda ya saba, akatoa ya kumi na mbili, akatoa ya arobaini. Kila kanda ilianza na mlio usio na tangazo na kuisha na tangazo lisilo na mlio. Alikumbuka vizuri alivyoandika kwenye daftari miaka minane iliyopita: milio ya mwanzo ni majaribio ya mashine, na mwishoni betri ziliisha. Kanda arobaini na sita! Betri ziliisha mara arobaini na sita, kila mara dakika ile ile baada ya tangazo, na msichana mwenye masikio mazuri kuliko wote jengoni akaona ni jambo la kawaida tu.

Lori jingine likapita. Safari hii hakutukana. Alisimama dirishani akaliangalia mpaka likapinda kona, magogo yakiwa bado mabichi na yanatoa maji. Akaketi. Akasimama. Akapanga hedifoni kwenye ndoano, akazitoa, akazipanga tena. Mwishowe alichukua mkoba na kutoka. Nyumbani kwa wazazi wake ni dakika ishirini kwa miguu; siku hiyo alitumia kumi na mbili.

Baba alikuwa sebuleni, mbele yake redio ya jirani iliyofunguliwa matumbo. Uziwi ulikuwa umemjia kidogo kidogo: kwanza aliacha kusikia ndege, kisha simu, kisha watoto wake. Lakini redio bado alitengeneza. Aliweka ncha ya kidole kwenye karatasi ya spika, akazungusha kitufe, na kidole kikamwambia kama kuna sauti au hakuna. Upande wa pili wa chumba mama alikuwa akipiga pasi koti jeusi la kuvaa kesho, mzee atakapopewa cheti na taasisi, lile lililovaliwa mara ya mwisho siku mzee alipostaafu.

"Payuka, mwanangu," mama alisema. "Leo hanisikii hata mimi, na mimi unanijua."

"Shikamoo baba!"

"Marahaba, mama. Mbona unahema? Umekimbizwa na mbwa?"

Masikio akachuchumaa mbele yake ili aone midomo. "Baba! Kule msituni, ulikuwa unatangaza kabla ya mlio, au baada?"

Baba alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama viatu huvaliwa miguuni. "Kabla? Uropoke kabla, halafu komba akusubiri umalize hotuba? Anaondoka, unabaki na mbu. Mimi nilikuwa nanyamaza, nanasa, akishamaliza ndiyo nasema niko wapi."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Mwongozo unasema tangazo kwanza, baba!"

"Mwongozo umeandikwa na watu wenye meza." Akarudisha kidole kwenye spika. "Kwani vipi? Kuna nini?"

Maneno yalimfika Masikio mpaka kwenye meno. Angeweza kuyasema pale pale. Lakini mama aliinua koti kwenye mwanga, akaliangalia huku na huku, akatoa uzi begani kwa vidole viwili, na baba akaacha redio ili aone kama limenyooka. Alikuwa na furaha ya wazi, bila hata kujaribu kuificha. Mwaka mzima alikuwa hajaalikwa popote.

"Basi tu, baba," Masikio alisema, na ilibidi aseme kwa kupiga kelele, na uongo unaopigiwa kelele unachoma koo.

Masikio alipompelekea kanda na mashine, Daktari alikuwa ofisini akipanga nani akae karibu na nani, kazi inayohitaji akili kuliko utafiti wenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alivaa hedifoni, akasikiliza mara moja tu, na rangi ikamtoka usoni, maana kazi yake aliijua. Alizivua polepole akaziweka juu ya orodha ya wageni.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, Daktari."

"Baba yako?"

"Nimemuuliza alivyokuwa anatangaza. Sikumwambia kwa nini."

Daktari akainuka, akafunga mlango, akakaa tena. "Sikiliza. Mgeni rasmi anafika kesho saa tano. Ripoti imeshachapishwa, kibao kimeshapakwa rangi. Nikisimama pale niseme tumekosea msitu, hakuna atakayetuamini tena, hata kwamba huyo komba yupo. Nipe mwezi mmoja. Tutaandika masahihisho, kimya kimya, kitaalamu."

"Mwezi mmoja Bondeni hakutabaki kitu. Wanakata sasa hivi. Ukikaa chumbani kwangu unawasikia wakipita."

"Unadhani sina moyo? Miaka kumi na moja nimekuwa nikibisha milango ili mtu amwangalie mnyama wa ukubwa wa ngumi." Sauti yake haikuwa ya kutisha, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Na tuambiane ukweli, dada yangu. Kosa ni la nani? Likitoka nje linatoka na wewe. Mkataba wako unaisha mwezi ujao, na unajua uko mezani kwa nani."

Masikio alitazama zulia. Alikuwa na hoja tano za kusema, na zote zilikuwa nzuri.

"Sawa, Daktari," alisema.

Hakuna haja ya kumtetea. Alisema sawa, akarudi chumbani kwake, akakata dakika moja ya mlio, akaikatia kabla ya tone la kwanza la mvua, na ikawa safi kama ilivyotakiwa. Kitandani aligeuka ubavu huu na ubavu ule. Kila alipokaribia kushikwa na usingizi aliwawaza komba wa Bondeni waliolala ndani ya miti mchana kutwa, mashine zikiwa chini yao, na macho yakamfumbuka.

Ukumbi ulijaa kabla ya saa tano. Kila kiti kilikuwa na chupa ya maji na nakala ya ripoti, na maji ndiyo yaliyofunguliwa. Masikio aliwekwa pembeni ukutani, kwenye meza ya mitambo, na maikrofoni ya majaribio, kompyuta, na mashine ya zamani ikiwa na kanda ndani yake, kwa kuwa Daktari alitaka wageni waione. Baba alikaa mstari wa mbele ndani ya koti lake, mikono juu ya magoti, akimtabasamia kila aliyefungua mdomo.

Hotuba zikaja, zikapita. Daktari alisema mambo mazuri kuhusu Msitu wa Juu na hakumtazama Masikio hata mara moja. Kisha mgeni rasmi akaitwa kumkabidhi mzee cheti chake, ndani ya fremu ya kioo. Baba akapanda jukwaani taratibu, akapeana mkono, akapigiwa makofi ambayo aliyaona kwa macho. Hapo mambo yangeishia. Lakini mnasa sauti wa zamani hakuwa mtu wa kupokea karatasi bila kuisoma. Alitoa miwani mfuko wa ndani, akaivaa, akasogeza cheti mbali na pua, akasoma mstari kwa mstari huku ukumbi mzima ukimngoja.

"Hapa mmekosea," alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. "Mmeandika Msitu wa Juu. Huyu si wa Juu. Huyu nilimpata Bondeni, mito inapokutana. Mvua ilininyeshea!"

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, ni kile wanachocheka watu wazima mtoto anapokosea kuhesabu. Daktari akasogea kwenye maikrofoni haraka.

"Mzee wetu amebeba misitu mingi kichwani," alisema. "Tumsamehe ikichanganyikana."

Wakacheka zaidi, wakapiga makofi. Baba aliona meno, akadhani wamefurahi, naye akacheka. Kisha akanyoosha kidole kwenye cheti na kuanza upya, "Bondeni, nasema," na kijana mmoja wa itifaki akamshika kiwiko kwa upole na kumteremsha ngazi kama mgonjwa anayetolewa wodini. Mama, kwenye kiti chake, aliinamisha kichwa na kuanza kutafuta kitu ndani ya mkoba ambacho hakikuwamo.

Masikio alihisi uso unawaka. Aibu ilikuja kwanza, na nyuma yake hasira, na hasira ile haikuwa ya Daktari wala ya waliocheka. Ukimwacha Daktari, mtu mmoja tu humo ndani alijua kwamba mzee yule hakukosea, na mtu huyo alikuwa amesimama ukutani na mkataba wake moyoni. Akapiga moyo konde, akachukua maikrofoni ya majaribio.

"Baba hajachanganya kitu," alisema, na spika zikamrudishia sauti yake, kubwa kuliko alivyotaka. "Niliyechanganya ni mimi."

Shingo zikageuka. Daktari akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana.

"Baba alikuwa anatangaza baada ya mlio. Mimi nilikata kanda zake kana kwamba alitangaza kabla. Zote arobaini na sita. Nimegundua jana, nikanyamaza. Sikilizeni wenyewe."

Akabonyeza mashine ya zamani. Ukumbi ukasikia mlango mkavu ukifunguka mara tatu, ukasikia funguo. Ukasikia matone, moja, moja, kisha mengi, na ndani ya mvua hiyo kijana anayehema akasema Bondeni, mito inapokutana, saa tatu kasoro. Sauti ilikuwa changa, lakini ilikuwa ile ile iliyochekwa dakika mbili zilizopita, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Daktari alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho hakikuwa chake.

"Bondeni," alisema mgeni rasmi. "Bondeni hii inayokatwa?"

"Hiyo hiyo. Tangu juzi."

"Na huku Juu kuna nini?"

"Upepo," Masikio alisema.

Hapo ndipo baba, aliyekuwa amekwisha kukalishwa na kuona kila mtu anamtazama binti yake, alipouliza kwa sauti iliyofika mpaka getini: "Wamesemaje? Mbona wamenuna?"

Masikio akaweka maikrofoni mezani, akavuka ukumbi, akapiga magoti mbele yake, akaleta mdomo sikioni mwake. Siri haisemwi kwa mtu asiyesikia. Ilibidi apige kelele mbele ya wote.

"Nimewaambia nilikosea, baba! Kanda zako nilizikata vibaya! Wewe uko sahihi, komba ni wa Bondeni!"

Mzee akamshika shavu. Hakuonekana kukasirika, wala kushangaa. "Si ndiyo nilivyosema?"

"Bondeni wanakata miti, baba! Mashine zimeingia!"

Hilo hakuwa amelisikia. Hakuna aliyekuwa ameona haja ya kumpigia kelele habari za namna hiyo. Tabasamu likamtoka. "Wamekata?"

"Wanakata! Sasa hivi tunavyoongea!"

Baba aliinua macho, akatazama mstari wa mbele, akatazama wa pili na wa tatu, suti na chupa za maji na ripoti mapajani, akawatazama wote mpaka nyuma kabisa.

"Sasa mbona wamekaa?" alisema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Wa kwanza kusimama alikuwa mgeni rasmi. Alikuwa na chupa ya maji mkononi na hakujua aiweke wapi, akampa Daktari aishike, kisha akamnyooshea mkono msaidizi wake ampe simu.